Yeye na Nani na Nani

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiiandika namba hiyo ubaoni kwa chaki: 67. Darasa likifika kwenye Vita vya Majimaji, nachora ramani, navuta mshale kwenda Umatumbi, mwingine kwenda Liwale, wa tatu kwenda Ungoni, na kwenye ncha ya huo wa tatu naandika: Songea, 27 Februari 1906, mashujaa 67 wanyongwa. Wanafunzi wananakili. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa hisabati, ubao unafutwa. Mimi mwenyewe Songea sikuwahi kufika. Nimezaliwa Manundu, Korogwe, nimesoma huko huko na Tanga mjini, nikarudi kufundisha nyumbani, na nchi iliyoko ng'ambo ya Morogoro nilikuwa naijua kwa ramani tu.

Januari 2024 mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa Songea na mumewe. Akapiga simu: "Kaka, wewe si ndiye wa Majimaji? Mwezi ujao ndiyo kumbukumbu yao. Njoo basi uwaone wapwa zako nawe uone hayo mambo yako." Nikaomba ruhusa ya wiki moja.

Usiku wa kuamkia safari nilikwenda kumuaga bibi. Nyumba yake haiko mbali na soko la Manundu, na kwa kuwa ilikuwa Shaabani, alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele wa hitima. Kwetu kila mwaka kabla ya Ramadhani tunawasomea marehemu wa ukoo, na kila mwaka bibi huniita nimwandikie majina kwenye daftari, kwa kuwa macho yake hayasomi tena. Jina la kwanza ni la babu yake yeye, aliyechukuliwa upagazi mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Juni ya mwaka ule jeshi la Waingereza lilishuka kutoka Kilimanjaro likiifuata reli, likaingia Korogwe, likavuka mto kwenda Handeni kuwafukuzia Wajerumani, na kila lilipopita lilitaka mabega ya kubebea unga, risasi na majeruhi. Babu yake akaondoka na mzigo kichwani akifuata njia ya Handeni, hakurudi. Bibi akisema "alikwenda Kariakoo" hasemi soko la Dar es Salaam. Anasema lile jeshi la wapagazi ambalo jina lake la Kiingereza, likipita katika vinywa vya watu wetu, ndilo lililozaa jina la soko.

"Huko Songea ndiko waliko wenye kaburi la vita?" akaniuliza.

"Ndiko, bibi."

"Basi ukawatazame wanavyowafanyia watu wao. Urudi uniambie."

Alfajiri ya Jumapili nikapanda basi pale Manundu, wauza machungwa wakiwa ndio kwanza wanapanga. Mikonge, Segera, Kabuku, Mkata, Wami, Chalinze: njia hii naijua hata nikiwa nimefumba macho. Chalinze nikashuka, nikapanda gari jingine hadi Morogoro, nikalala karibu na stendi ya Msamvu. Ya siku hiyo ni hayo tu.

Safari yangu hasa ilianza Jumatatu, basi la Songea lilipoipa Morogoro kisogo. Mikumi niliwaona tembo watano kando ya lami, karibu kiasi cha kuona tope lililokaukia mgongoni mwao, na abiria waliozoea wala hawakunyanyua vichwa. Ruaha Mbuyuni mibuyu ilisimama kama wazee wa baraza na vitunguu vimerundikwa chini yake katika nyavu nyekundu. Kisha Kitonga. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba mlima ule ulikuwa ngome ya Wahehe, nikalisema neno ngome kama lilivyo kitabuni. Basi lilipoanza kuupanda, likikata kona huku bonde likizidi kuzama upande wetu, nilielewa ni kwa nini jeshi lenye mizigo liliuogopa. Mzee aliyekaa pembeni yangu, mkulima wa nyanya wa Ilula, aliona nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tazama mbali, usitazame chini."

Ni mzee huyo huyo aliyenigusa bega tulipokuwa tunaikaribia Iringa. "Lugalo hapo," akasema, akinyoosha kidole. Nikauona mnara, mara moja, ukapita.

Niliomba mapema anionyeshe mahali hapo, na sababu yangu ilitoka nyumbani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walijificha Lugalo wakaliangamiza jeshi la Wajerumani lililokuwa likipita kwa safu ndefu. Kamanda aliyeuawa pale ni Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Huyu Nyundo ndiye aliyekuwa Pangani mwaka 1888, ametumwa na kampuni ya Kijerumani kupandisha bendera yao, na anasimuliwa kuwa aliingia msikitini na viatu vyake na mbwa wake. Pangani ikachemka. Vita vya Abushiri bin Salim vikaanza, vikaenea mwambao mzima, na Abushiri akanyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mto unaopita Korogwe, ambao wazee wetu huuita Ruvu, ndio unaomwaga maji yake Pangani. Kwa hiyo mtu aliyewasha moto kwenye mdomo wa mto wetu alikuja kuuawa huku, mamia ya kilomita kutoka baharini, na watu ambao pengine hawakuwahi kuionja chumvi ya bahari ile. Hilo nililijua kwa kusoma. Lakini sikuwa nimewahi kuyaweka matukio hayo mawili katika safari ya mtu mmoja, na niliona haya kwamba miaka yote nimeyafundisha kama sura mbili zisizojuana.

Jambo la pili la Lugalo lilinikaa moyoni zaidi. Ule mnara ulijengwa kwa ajili ya Nyundo na wenzake. Wahehe walishinda, lakini jiwe walijengewa walioshindwa, kwa kuwa baadaye wao ndio waliopata nguvu ya kujenga. Nikawaza makaburi ya Tanga mjini, ambako waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914 wametunzwa kwa ukoka uliokatwa vizuri. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa na kuhara na si kwa risasi, wachache sana waliandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba Waafrika na Waasia wengi waliolitumikia jeshi la Waingereza hawakupewa kumbukumbu sawa na wengine, au hawakupewa kabisa, ikaomba radhi. Nilimsomea bibi habari ile siku ilipotoka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wameyapata majina.

Basi lilisimama Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Mzee wangu akashuka hapo, akaniachia nyanya nne kwenye mfuko. Tukapita Mafinga kwenye misitu ya misindano, Makambako tukakata kushoto, na Njombe ikatupokea kwa baridi ambayo sijawahi kuionja maishani. Tangu hapo sikuona kitu tena, giza liliingia, basi likapanda na kushuka vilima visivyokwisha. Ilikuwa usiku mwingi kondakta alipoita: "Shule ya Tanga! Mwisho wa gari, Shule ya Tanga!"

Nikadhani usingizi unanichezea. Nimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka mkoa wa Tanga, nashushwa Tanga. Shemeji alikuwa ananisubiri na koti mkononi. "Ndiyo jina la huku," akasema, "stendi iko Shule ya Tanga. Karibu Songea, shemeji."

Asubuhi yake ilikuwa Jumanne, tarehe 27 Februari. Niliwahi kuhesabu kalenda, na nikagundua kwamba mwaka 1906 nayo tarehe hiyo iliangukia Jumanne. Sikumwambia mtu. Nilivaa kanzu yangu nyeupe, na mdogo wangu akanipeleka hadi mtaa wa Mahenge, mahali walipo mashujaa na ilipo Makumbusho ya Majimaji, akaniacha hapo akaenda zamu yake hospitali.

Watu walikuwa wanamiminika. Kulikuwa na wanafunzi waliovaa sare, askari, viongozi wa dini, viongozi wa serikali chini ya mahema, na wazee wa Kingoni wenye ngao za ngozi na mikuki, wengine wamefunga vikuku vya manyoya miguuni. Lizombe ilikuwa inachezwa, na wachezaji walikanyaga ardhi kwa pamoja hata ukausikia mshindo kwenye nyayo zako. Jina la ngoma hiyo nilikuwa nalijua kwa njia nyingine: timu ya mpira ya Majimaji ya hapa huitwa Wanalizombe, na uwanja wanaochezea nao unaitwa Majimaji. Na mji wenyewe ni jina la mtu. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1897 katika nchi ya nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, wakaliita eneo kwa jina lake. Walimnyonga mwenye jina, wakaendelea kuliandika kwenye barua zao, na hakuna aliyelifuta hadi leo. Mtoto akizaliwa hapa na kuandikishwa, shujaa anatajwa kwenye karatasi yake ya kwanza. Sijui mji mwingine nchini kwetu ambao umemkumbuka mtu kwa namna ya moja kwa moja kiasi hicho.

Nilipata nafasi nyuma, kwenye kivuli, karibu na mama mmoja mtu mzima aliyetandika kitenge chini. Alinisogezea nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetoka wapi na kanzu yako nzuri?"

"Korogwe, mama. Tanga."

"Eh, mbali! Na kwenu nako walinyongwa?"

Nikamweleza habari ya Pangani kidogo, lakini macho yake hayakuwa pale. Nikamweleza basi habari ya babu yake bibi, aliyechukuliwa na mzigo asirudi. Hapo akageuka akanitazama vizuri.

"Alichukuliwa yeye na nani na nani?"

Sikuwa na jibu. Akasubiri. Nikamwambia kwamba sisi tunalijua jina lake yeye tu.

"Hakwenda peke yake," akasema. Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida, na akaanza kunieleza wa kwao. Katika ukoo wake yuko mmoja miongoni mwa walionyongwa, na tangu utotoni amefundishwa sio jina lake tu bali nani alikamatwa naye, nani alitangulia, nani ni ndugu ya nani katika kaburi lile. Kila mara alipotaja mmoja alinyoosha kidole kuelekea kaburini, kana kwamba anamwonyesha mtu aliyekaa kwenye mkutano. Nilichoka kuandika nikafunga daftari nikasikiliza.

Zikasomwa dua na sala, mashada yakawekwa, hotuba zikafuata. Hotuba sitazisimulia. Nilichokuwa nakitazama ni mikono ya mama yule. Ngoma zilipokuwa zinapigwa ilitulia mapajani, ila dakika ya ukimya ilipotangazwa, vidole vyake vikaanza kuhesabu.

Jumatano nilirudi Mahenge peke yangu. Mahema yalikuwa yanafungwa, viti vya plastiki vimepandishwa kimoja juu ya kingine, na mashada ya jana yalikuwa yameanza kusinyaa kwa jua. Huo ndio muda niliopata kulitazama kaburi.

Ni kaburi moja la watu wengi. Waliwekwa pamoja baada ya kunyongwa, wakuu na wafuasi, akiwemo Mputa bin Gwezerapasi Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu, ambaye nduna Songea alikuwa mmoja wa majemadari wake. Majina yao yameandikwa. Nilisoma jina moja moja kwa sauti ndogo, na nikaona ni kwa nini ile namba 67 ubaoni haikuwahi kuwatoa wanafunzi wangu machozi. Kusoma majina yale yote kunachukua muda. Unachoka, unarudia jina ulilolikosea, unakuta mengine yanafanana ukajua hao ni wa ukoo mmoja.

Hatua chache kutoka hapo, kando, liko kaburi la Songea mwenyewe. Kijana anayewaongoza wageni katika makumbusho alinisimulia kwa nini liko peke yake. Wajerumani walikusudia kumwacha hai, kwa kuwa walijua nguvu yake kwa watu na walitaka kumtumia. Yeye akakataa. Akawaambia hawezi kubaki na wenzake wamenyongwa, naye anyongwe. Wakamnyonga siku chache baada ya wenzake, ndiyo maana hakulala nao. Simulizi hii nilikuwa naijua. Imo katika maelezo ya somo langu, mstari mmoja. Lakini nilipokuwa nimesimama katikati ya makaburi hayo mawili nilihisi uzito wa zile hatua chache, na swali la yule mama likarudi masikioni mwangu: yeye na nani na nani.

Na katika kaburi hilo la pili mwili haukukamilika. Watu wa Songea wanaamini kwamba kichwa cha nduna kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kama vilivyopelekwa vichwa vingi vya Waafrika enzi zile, kwenye makumbusho na vyuo vilivyokuwa vikipima mafuvu. Tarehe 1 Novemba 2023, miezi minne hivi kabla yangu, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa hapa. Alikutana na wa ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho. Kijana yule alinionyesha mahali aliposimama. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akafikiri, akasema msamaha wameusikia na wameushukuru, sasa wanasubiri mtu wao arudi.

Wahehe walisubiri hivyo. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asishikwe, kichwa chake kikachukuliwa, na madai ya kurudishwa kwake yaliingizwa hadi katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Miaka hamsini na sita. Songea alikuwa anakwenda mwaka wa mia na kumi na nane nilipofika. Naandika haya kwa hasira ambayo darasani huwa naificha: mtu anayetunza kaburi lisilokamilika kila Februari, anafagia, anaweka maua, anajua kinachokosekana na anajua kiko nchi gani, huyo hajamaliza msiba. Na sisi wengine tulio mbali tunaiita sherehe.

Ndani ya makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1980, nilikaa mbele ya picha za wafungwa kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipata jibu la swali ambalo kila mwaka huulizwa darasani, na kila mwaka nalijibu vibaya. Lazima mwanafunzi mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, walidanganyikaje kwamba maji yatazuia risasi?" Darasa linacheka. Mimi huwa nawaeleza habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 vita vikiwa vichanga, nawaeleza umuhimu wa imani katika kuunganisha makabila, na jibu hilo ni sahihi katika mtihani. Lakini tazama tarehe. Dawa ya maji ilifika Ungoni mwaka 1905. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, Wangoni walishambuliwa Namabengo, risasi zikawapiga, watu wakaanguka. Tangu siku ile kila mtu Ungoni alijua maji hayazuii risasi. Songea alijua. Mputa alijua. Na hawakwenda kusalimu amri kesho yake. Waliingia porini wakaendelea kwa miezi, wakati Wajerumani wanachoma maghala na mashamba ili njaa imalize kazi ambayo risasi haikuimaliza. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, hakusalimu amri kabisa, alivuka Ruvuma akafia Msumbiji. Hao si watu waliodanganyika. Ni watu waliopigana wakiwa hawana dawa yoyote mwilini.

Njaa ile iliua kuliko vita. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wetu walipokuja kuhesabu upya walifika 250,000 hadi 300,000. Katika hao, Songea inawataja 67.

Sitaki nimpambe nduna kuliko alivyokuwa. Wangoni walifika nchi hii wakitokea kusini mwa Afrika kwa mkuki na ngao, wakawatawala waliowakuta, wakawachukua mateka, na wazee wa Wandendeule na Wamatengo wanayo ya kwao ya kusimulia kuhusu miaka hiyo kabla ya Mjerumani. Nilimuuliza kijana wa makumbusho kuhusu hilo, naye hakukwepa. Alisema babu mzaa mama yake ni Mndendeule na babu mzaa baba ni Mngoni, na wote wawili wamemlea. Nimelipenda jibu hilo kuliko kama angenikatalia.

Kabla sijaondoka nilikwenda tena kwenye majina. Nikayanakili yote kwenye daftari langu la kazi, nikiwa nimechuchumaa, kanzu yangu ikachafuka vumbi jekundu la Songea. Mfagiaji alikuja akafagia pembeni yangu, alipofika miguuni kwangu akanizunguka, akaendelea.

Kurudi kulikuwa kurefu kama kwenda. Lugalo tuliipita mchana wa Alhamisi na safari hii nilikaa upande wa kulia makusudi. Ijumaa magharibi nikashuka Manundu, joto likanikumbatia, machungwa yako pale pale.

Bibi hakuniuliza habari za basi wala baridi. "Wanawafanyia nini?" akasema, hata sijakaa.

Nikamwambia kuna kaburi, kuna majina, watu wanakwenda kila mwaka, wanasoma dua, wanapiga ngoma. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia na kuhusu kaburi la pili na kichwa. Akasema, "Masikini, nao wana wao." Kisha nikamweleza kuhusu yule mama na swali lake.

"Bibi, babu yako alichukuliwa yeye na nani na nani?"

Aliuweka ungo chini. Nilitegemea aseme hajui; mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza, wala mama yangu, wala yeyote katika nyumba ile aliyeandika yale majina ya hitima kabla yangu. Bibi alitazama upande wa mto, akawa kama anasikiliza mtu.

"Baba yangu alikuwa mtoto mdogo, amesimama mlangoni," akasema. "Aliwaona wanapita. Alikuwa akiwataja sana, akizeeka aliwataja hata usingizini. Walifungwa kamba moja. Chukua kalamu."

Nikafungua daftari la hitima, chini ya jina la kwanza. Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kidole gumba, akataja wa kwanza. Alikuwa wa upande wa pili wa mto, mtu wa shamba jirani. Akashika kidole cha shahada. Huyo alikuwa shemeji yake babu. Wa tatu alilitafuta jina kwa muda, akalipata. Walipofika watano akahamia mkono wa kulia, nami nikageuza ukurasa.